Madirisha Matano ya Kujua

Ipo nchi moja, na asiulize mtu ipo upande gani wa ramani, ambamo kujua jambo ni kosa mpaka uwe na kibali. Kudhani kunaruhusiwa. Kusikia kunaruhusiwa. Kuambiwa na shemeji yako, ambaye naye kaambiwa na kinyozi, kunaruhusiwa pia, tena asubuhi na jioni. Lakini ukifungua kinywa ukasema "najua", askari atakusogelea kwa upole akuulize karatasi iko wapi.

Sheria hiyo haikuletwa kwa ubaya. Mkuu wa nchi, ambaye cheo chake kamili ni Mjuzi Mkuu, aliamka siku moja na swali kichwani: hawa Wazungu wanajuaje hayo wanayoyajua? Kwa kuwa hakuzoea kuulizwa maswali, hata na kichwa chake mwenyewe, akaunda ujumbe wa watu watano na kuupeleka Ulaya ukalete jibu. Wajumbe walikaa huko miezi minane. Wakarudi na makoti mazito yasiyovalika na masanduku kumi na moja ya vitabu vya wanafalsafa. Kila mjumbe alikuwa amesoma kitabu kimoja, au tuseme nusu, na mbele ya Mjuzi Mkuu kila mmoja akaapa kwamba jibu ni lile la kitabu chake. Walibishana mpaka wakakamatana tai.

Nchi nyingine ingechagua jibu moja, au ingewaambia wajumbe wakamalizie zile nusu zilizobaki. Mjuzi Mkuu hapendi kumvunja mtu moyo. Akajenga Wizara ya Maarifa, akakipa kitabu cha kila mjumbe dirisha lake na ofisa wake, na akaamuru kwamba mwananchi anayetaka kujua jambo atapita madirisha yote matano. Likimkwama kwenye dirisha moja tu, basi halijui. Arudi nyumbani akaendelee kulidhani.

*

Fundi Pazi hakwenda Wizarani kutafuta maarifa. Alikwenda kutengeneza mlango wa choo cha Waziri, ambao bawaba zake zilikuwa zinalia kwa namna isiyolingana na cheo.

Alikuwa seremala wa miaka sitini na ushei, mrefu, mwenye nywele zilizonasa unga wa mbao tangu ujanani na kukataa kuuachia. Alirithi ufundi kwa babu yake, na pamoja na ufundi akarithi adabu moja: huwezi kupiga msumari kwenye mti ambao hujaupigia hodi. Kabla ya kazi unagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, unaweka sikio, unasikiliza mti unasemaje. Mti mzima hujibu kama mwenye nyumba aliyeshiba. Mti mgonjwa hujibu kama debe lililofunikwa blanketi. Watu wa mtaani walimcheka, wakisema Fundi Pazi huamkia hata stuli. Lakini hakuna kitanda chake kilichowahi kumwangusha bwana harusi.

Basi siku hiyo alipomaliza bawaba, akapita ukumbini kumsalimia binti yake. Binti huyo aliitwa Sikudhani, jina alilopewa kwa sababu mama yake alikuwa amekwisha kata tamaa ya kuzaa, na alikuwa mtoto pekee. Alisoma kwa vitanda, meza na majeneza ya baba yake, na sasa alikuwa ofisa wa Dirisha la Tano, mwenye kiti kinachozunguka. Nyuma ya kiti chake palikuwa na nguzo, na juu ya nguzo palikuwa na boriti kubwa iliyobeba paa zima la vigae.

Fundi Pazi akaigonga nguzo mara tatu, kwa mazoea tu, kama mtu anavyokohoa akikaribia mlango. Akaweka sikio. Akaacha kutabasamu. Akaomba ngazi, akapanda, akasogeza ubao mmoja wa dari, akaigonga boriti. Boriti haikujibu. Badala yake alisikia ile sauti ndogo ya mchwa wakila, kama watu wengi wanaonong'ona msikitini imamu kabla hajafika.

Alishuka taratibu.

"Sikudhani," alisema, "chukua mkoba wako tutoke. Mvua ya kwanza ikilowesha vile vigae, boriti hii itakaa chini. Na itakaa hapo ulipokaa wewe. Najua."

Askari wa mlangoni akaja kwa upole.

"Mzee, karatasi iko wapi?"

"Baba, shikamoo," Sikudhani alisema kwa sauti ya chini, uso umemshuka kwa aibu. "Usiseme neno hilo hapa. Foleni inaanzia kule."

"Mwanangu, mawingu yako pale kwenye kilima."

"Foleni inaanzia kule, baba. Mimi nikitoka kwenye kiti kwa jambo lisilo na mihuri minne nimeacha kazi. Ulinisomesha nije niiache?"

Akaenda kupanga foleni.

*

Dirisha la Kwanza lilikuwa la Mgiriki mmoja wa kale aliyefundisha kwamba roho ilijua yote kabla ya kuzaliwa, na kwamba haya tunayoyaona duniani ni vivuli tu ukutani. Kwa hiyo ofisa wa dirisha hilo aliketi akiwa amewapa watu mgongo. Nyuma ya foleni iliwashwa taa kali, naye akawa anazungumza na vivuli vya watu kwenye ukuta wake.

"Kivuli kirefu, sema."

"Boriti imeliwa, bwana mkubwa. Itaanguka."

"Hujajua. Umekumbuka. Ulipokuwa roho, kabla mama yako hajakuzaa, uliiona Boriti yenyewe, ile kamili ya huko juu. Una cheti?"

"Cha kuzaliwa ninacho."

"Cha kabla ya kuzaliwa."

Fundi Pazi akafikiri. "Aliyekuwa anavitoa ameshafariki."

Kivuli cha ofisa kikatikisa kichwa kwa masikitiko. Jibu hilo lilikuwa sahihi, maana ndilo wananchi wote walilokuwa wakilitoa, na kwa muda mrefu lilikwisha kuwa utaratibu. Akagonga muhuri ukutani, juu ya kivuli cha fomu. Ilichukua hadi jioni kumwomba agonge na fomu yenyewe.

Siku ya pili mawingu yalikuwa yameshuka nusu ya kilima. Dirisha la Pili lilikuwa la Mfaransa aliyekaa karibu na jiko akatilia shaka kila kitu, mpaka kikabaki kimoja tu kisichotilika shaka: kwamba yeye anayetia shaka yupo. Ofisa wake alikuwa Bwana Mhina, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyepoteza funguo.

"Wewe upo?" aliuliza Bwana Mhina.

"Nipo hapa tangu alfajiri."

"Labda unaota. Labda kuna shetani mdanganyifu anakupa hisia za kusimama kwenye foleni. Thibitisha."

"Nina njaa, bwana."

"Njaa anaweza kukupa shetani."

"Basi shetani huyo ananijua vizuri, maana kanipa ya mihogo."

Bwana Mhina hakucheka. Alikuwa hana hakika kama amesikia. "Jibu la kwenye kitabu ni 'nafikiri, kwa hiyo nipo'. Sema."

"Nafikiri, kwa hiyo nipo. Nafikiria hasa mwanangu, yupo chini ya ile boriti."

"Taratibu, mzee, usirundike mambo. Wewe umethibitika." Akagonga muhuri. "Mwanao bado. Jengo bado kabisa. Hili faili la jengo lina miaka mitatu mezani kwangu, na jengo ambalo halijathibitika kuwapo haliwezi kuanguka. Kwa hiyo kaa kwa amani."

Aliposema hivyo, unga mwembamba wa mbao ukamdondokea begani. Bwana Mhina akautazama kwa shaka, akaupangusa, kisha akatilia shaka kwamba ameupangusa.

Dirisha la Tatu lilikuwa la Mwingereza aliyesema kwamba mtoto huzaliwa akili yake ni karatasi tupu, na yote yanayoandikwa humo hupita kwenye macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Fundi Pazi akapata nafuu kidogo moyoni, maana huyo alionekana kama mtu aliyewahi kushika kazi. Lakini fomu ilikuwa na visanduku vitano, na ofisa, mama mmoja mnene mwenye kucha nyekundu, alitaka vyote.

"Mchwa umewaona?"

"Nimewasikia, mama. Wako ndani ya mti."

"Sikio, tiki. Umeshika?"

"Unga wao huu hapa."

"Ngozi, tiki. Pua?"

"Unanukia udongo."

"Tiki. Jicho, tutaandika unga. Ulimi je?"

"Mama, mchwa wa boriti hawaonjwi."

"Basi huwajui, unawasimulia tu. Mimi kumbikumbi nimewala tangu mdogo, kwetu wanakaangwa na chumvi, ndiyo maana nikisema 'kumbikumbi' najua ninachosema, na kibali ninacho. Ulimi, mzee. Watu wanangoja."

Fundi Pazi akalamba unga wa boriti mbele ya foleni nzima. Mtu wa nyuma yake akauliza una ladha gani. "Ya jengo la serikali," alisema, akapewa muhuri wa tatu.

*

Siku ya tatu mvua ilinukia hata ndani ya ukumbi.

Dirisha la Nne lilikuwa la Mskoti mmoja mwenye shavu nene na roho nzuri, aliyegundua kwamba hakuna mtu aliyewahi kuona sababu. Tunaona jambo hili, halafu tunaona lile, na kwa kuwa yamefuatana mara nyingi tunazoea. Ofisa wake alikuwa kijana mchangamfu, na alimpokea mzee kwa shikamoo safi.

"Marahaba. Mwanangu, nimebakiwa na saa chache. Boriti ikiliwa na mchwa, halafu paa likalowa, jengo linaanguka."

"Umeshuhudia ngapi, mzee wangu?"

"Kumi na saba."

"Zikaanguka zote?"

"Zote. Moja iliangukia mbuzi wa shekhe."

"Pole kwa shekhe. Lakini hapo umezoea tu. Ulimwona mchwa, ukaona anguko. Ile kamba inayomfunga mchwa na anguko, uliiona?"

"Kamba haipo, mwanangu. Kuna uzito."

"Hata uzito ni mazoea. Hata jua kuchomoza kesho ni mazoea." Wakati anasema hivyo, alikuwa ameshakisogeza kikombe chake cha chai mara mbili kukikwepa unga uliokuwa ukidondoka.

"Na mbona umekuja na mwavuli?"

Kijana akautazama mwavuli uliosimama pembeni, akacheka kwa kweli. "Mazoea, mzee. Sote ni binadamu." Akagonga muhuri wa nne, wenye neno MAZOEA kwa herufi kubwa.

Hapo mlango wa choo cha Waziri ukafunguka, bila kulia hata kidogo. Waziri alitoka na kikombe mkononi. Chai yake ilikuwa imeota ukoko wa unga, na Waziri huyu, ambaye alikuwa daktari wa mambo mawili na profesa wa la tatu, hakuwa mtu wa kuona unga akanyamaza.

"Nasikia kuna mwananchi ana haraka," alisema, akapanda juu ya kistuli kilichowekwa kwa ajili ya haraka za wananchi. "Ndugu zangu. Nchi zilizoendelea zimelijadili swali la kujua kwa miaka elfu mbili na mia tano. Wamezaa vichwa vikubwa, wamegombana, mmoja wakamnywesha sumu, na bado hawajalimaliza. Sisi tumelimaliza kwa madirisha matano na mapumziko ya saa sita. Huyu mzee anataka turuke utaratibu kwa sababu ya wadudu. Nauliza: mchwa amesoma wapi?"

Makofi yakapigwa. Kutokana na makofi hayo kigae kimoja kikateleza huko juu, kikaanguka uani, na kila mtu akakisikia, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kibali cha kukijua, wakaendelea kupiga makofi.

*

Dirisha la Tano lilikuwa la Mjerumani aliyetembea kila siku saa ile ile, hata majirani wakaweka saa zao kwa hatua zake. Huyo alisema wote wanne wamekosea kidogo na kupatia kidogo: hisia bila akili ni kipofu, akili bila hisia ni gunia tupu, na hata vikiwa pamoja tunavijua vitu jinsi vinavyoonekana kwetu tu. Kitu chenyewe, huko ndani kilivyo, hakijuliwi na mtu. Kwa heshima yake dirisha lilifunguliwa saa tisa kamili na kufungwa saa tisa na nusu, na kila mwombaji alivalishwa miwani ya Wizara ili akumbuke kwamba anaona kwa miwani.

Sikudhani akampokea baba yake akiwa amekaza uso.

"Mwananchi, vaa miwani."

Fundi Pazi akavaa. Binti yake akawa wa kijani.

"Mihuri yako minne imetimia," alisema Sikudhani, akigeuza fomu. "Lakini hapa umeandika 'boriti ni mbovu'. Ningeweza kukupa 'boriti inaonekana mbovu kwa fundi'. Boriti yenyewe, ilivyo kwa ndani, hakuna anayeijua."

"Mchwa wanaijua. Wako ndani."

"Baba." Sauti yake ilipungua. "Nisaidie. Nikigonga muhuri tofauti na kitabu, kesho sina kazi. Nami nikikosa kazi, wewe na kifua chako hicho utaranda mbao mpaka lini?"

Hapo ndipo Fundi Pazi alipoelewa kwamba mtoto hakumdharau. Alikuwa anamwogopea, kama yeye alivyomwogopea, kila mmoja na paa lake. Tone la kwanza likagonga kigae. Likafuata la pili.

Akavua miwani, akaiweka juu ya kaunta, akageuka. Mwanamke wa chai alikuwa akipita na sinia.

"Dada," Fundi Pazi alimnong'oneza, "sikujui jina, lakini nasikia Mjuzi Mkuu anapita barabarani sasa hivi, kwa miguu. Nasikia anatazama nani hayupo."

Sasa, uvumi katika nchi ile hauna dirisha, hauna fomu wala muhuri. Mwanamke wa chai hakuwa ameliweka hata sinia chini, Dirisha la Kwanza likageuka kwa mara ya kwanza tangu lijengwe. Bwana Mhina, aliyetilia shaka uwepo wa barabara, alikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Mama wa kucha nyekundu alitoka na bendera mbili. Kijana wa mazoea alichukua mwavuli wake. Waziri aliwapita wote, akiwa bado na kikombe.

Foleni ikawafuata, ukumbi ukabaki na mzee na binti yake. Saa ya ukutani ilisema tisa na robo.

"Sikudhani, Mjuzi Mkuu anapita."

"Hapiti. Uvumi huo ni wako, baba. Nakujua."

Alilisema neno lile saa za kazi, kwenye kiti cha serikali. Akaziba mdomo.

"Una kibali?" Fundi Pazi aliuliza.

Binti akautazama mlango.

"Umenijuaje? Kwa jicho, kwa mazoea, kwa roho yako ya zamani?"

"Nakujua tu. Nimekaa na wewe miaka ishirini na tisa."

"Basi. Na mimi na mbao nimekaa miaka arobaini na tano."

Sikudhani akatazama muhuri, akatazama saa, akatazama juu. Kisha akachukua mkoba. Walikuwa wamefika kwenye ngazi za nje mvua ilipomwagika kwa nguvu, na walikuwa wamefika barabarani boriti ilipokaa chini. Kishindo kilikuwa kikubwa. Watumishi waliojipanga kando ya njia walidhani ni mizinga ya heshima, wakazidisha makofi.

*

Hakufa mtu. Kwa hiyo ilibidi atafutwe mkosaji.

Fundi Pazi alishtakiwa kwa makosa mawili: kujua bila kibali, na kueneza uvumi ambao haukutimia. Waziri alitoa ushahidi kwa saa nzima. Alisema kwamba Dirisha la Tano halikuithibitisha boriti, kwa hiyo kisheria boriti haikuwa mbovu, kwa hiyo iliangushwa na kusemwa. Kesi ilisikilizwa kwenye ukumbi mpya wa mahakama, uliojaa mpaka milangoni, huku masika ya mwaka ule yakiwa yameanza kupiga paa.

Adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa miaka saba. Sikudhani, asiye na kazi tena, alikaa benchi la mbele na mkoba wake mapajani.

"Mshtakiwa," alisema Hakimu, ambaye alikuwa mtu mzito nyuma ya meza nzito, "usituletee habari za mchwa. Jibu swali moja. Ulijuaje?"

"Mheshimiwa, kwa maneno siwezi. Niruhusu nisogee nikuonyeshe."

Akaruhusiwa. Fundi Pazi akaenda mpaka kwenye meza ya Hakimu. Akaigonga mara tatu kwa kifundo cha kidole, kwa adabu, kama mtu anayepiga hodi kwa watu wazima. Akainama, akaweka sikio kwenye ubao. Akasikiliza muda mrefu. Kisha akainuka, akamtazama Hakimu kwa huruma, akaitazama dari.

"Nini?" Hakimu aliuliza.

"Mheshimiwa, mimi sina kibali."

Hakimu akaishusha mikono yake kutoka mezani polepole, kama mtu anayeondoka kwenye kitanda cha mtoto aliyelala. Akachukua miwani yake. Akainuka. Akatembea hadi mlangoni bila kuahirisha kesi, na alipofika mlangoni akakimbia. Mwendesha mashtaka akamfuata, makarani na watazamaji wakafuata, Waziri akawapita wote, na askari aliyemshika Fundi Pazi mkono akauachia ili apate kukimbia vizuri.

Walibaki wawili. Mvua ilikuwa inapiga paa.

"Baba," Sikudhani alinong'ona, akiwa ameshasimama, "twende basi."

"Kaa, mwanangu. Kuna mvua huko nje."

"Na meza?"

Fundi Pazi akaipapasa meza kwa kiganja. "Hii? Mninga wa bara, na aliyeiunga alikuwa fundi. Itawazika wajukuu wa Hakimu."

Sikudhani akamtazama, akakaa tena, akaanza kucheka kicheko ambacho hakuwa amekicheka tangu apewe kiti kinachozunguka. Wakakaa pale pakavu wakingoja mvua ipungue waende nyumbani. Dirishani waliwaona wote wamesimama uwanjani, Hakimu, Waziri na makarani, wameloa chapachapa, matope yamewafika kwenye soksi, na hakuna aliyejikinga, kwa kuwa walikuwa wanamngoja mtu mwenye kibali aje awaambie kwamba wananyeshewa.